Kidani Katika Lugha na Katika Sharia

Mwenye kusoma Hadithi kwa Kiarabu kisha akawafasiria wenziwe kwa Kiswahili hukuta humo maneno yasiyopungua matatu yatajayo pambo la shingoni, nayo ni iqd, na qilada, na tauq. Wafasiri wengi, kwa kutaka wepesi, huyatia yote matatu katika neno moja, wakasema "mkufu", wakapita. Jambo hili laonekana dogo, kwani pambo ni pambo. Walakini ziko hukumu za Sharia zilizojengwa juu ya umbo la pambo lenyewe, na mwenye kulikosa umbo huikosa hukumu. Mfano mkubwa wa hayo ni hukumu ya kuuza dhahabu, itakayokuja mahali pake. Na hapo mwenye kukosea hula riba naye hajui.

Kwanza yafaa kuyajua maneno ya Kiswahili yenyewe. Mkufu ni mnyororo mwembamba wa dhahabu au wa fedha, pete ndogo ndogo zilizoshikana. Hauna uzi wala shanga, na wote ni madini moja tangu mwanzo hata mwisho. Ndiyo maana mnyororo wa saa ya mfukoni, zilipokuwa saa hizo zikivaliwa, nao uliitwa mkufu. Kidani, katika matumizi ya walio wengi, ni pambo la shingoni lililo zito kuliko mkufu, nalo huweza kukusanya vitu mbali mbali: vipande vya dhahabu, marijani, lulu na mawe. Ushanga ni punje zilizotobolewa zikatungwa katika uzi, ziwe za kioo, za jiwe au za udongo. Utunda nao ni ushanga, lakini huvaliwa kiunoni, na mlango huu si wake. Tasbihi pia ni punje katika uzi, ila mahali pake ni mkononi. Na mwenye kuitundika shingoni ili aonekane ameigeuza kidani.

Ama iqd, asili yake ni kufunga fundo. Kitenzi chake ni aqada, yaani amefunga. Na pambo limeitwa iqd kwa kuwa hutungwa katika uzi, kisha ncha mbili za uzi zikafungwa nyuma ya shingo. Katika shina hili hili Waswahili wamepokea maneno wayatumiayo kila siku bila ya kukumbuka ushanga. Akdi ya ndoa ni fundo baina ya mume na mke, na Qurani katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 235 na ya 237, imeitaja ndoa kwa jina la fundo. Itikadi ni jambo ambalo moyo umelifunga haulifungui. Na mafundo yapulizwayo na wachawi, yaliyotajwa katika Sura ya Al-Falaq, ni ya shina hilo pia. Kidani ni iqd, kwa kasra ya ain, na mkataba ni aqd, kwa fat-ha; lakini wingi wa yote mawili ni uqud. Mwanafunzi akiliona neno hili peke yake, bila ya kutazama maneno yaliyo jirani, hawezi kujua kama yatajwa mapambo au mikataba. Mwanzo wa Sura ya Al-Maida waumini wameamrishwa kutimiza uqud, na hakuna mwenye akili aliyefahamu kwamba wameamrishwa kutimiza vidani.

Uzi wa iqd una jina lake, nao huitwa nidham. Kutunga lulu katika uzi huo ni nadhm, na nadhm tena ni kutunga mashairi. Basi neno nidhamu, ambalo kwa Kiswahili ni utaratibu wa watu wanaotii, lilikuwa kwanza uzi wa kidani, ambao ukikatika punje hutawanyika kila moja na njia yake. La ajabu ni kuwa Kiswahili nacho, ambacho si cha nasaba moja na Kiarabu, husema kutunga ushanga na kutunga shairi kwa kitenzi kimoja. Bwana Ibn Abd Rabbih wa Qurtuba katika Andalusi, aliyefariki mwaka wa 328 wa Hijra (940), aliandika kitabu kikubwa cha adabu ambacho watu wamekijua kwa jina la Al-Iqd al-Farid, akakigawa milango 25 na kila mlango akaupa jina la kito. Mlango wa 13, ulio katikati, aliuita Al-Wasita, ndiyo jina la kito kikubwa kikaacho kifuani katikati ya kidani. Nalo ni katika shina la neno wastani. Milango iliyo baada yake hurudia majina ya mwanzo kwa kurudi nyuma, kama vile upande wa pili wa kidani unavyolingana na wa kwanza.

Sasa ni iqd ya Bibi Aisha (r.a.), ambayo imetajwa katika mambo mawili makubwa. La kwanza ni lile la uzushi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akirejea katika vita vya Bani Mustaliq, mwaka wa 5 au wa 6 wa Hijra kwa kauli mbili za wanazuoni wa sira, na Bibi Aisha alikuwa pamoja naye, akipandishwa ngamia ndani ya machela. Walipokuwa karibu na Madina, usiku, ikanadiwa safari. Bibi Aisha alikwenda mbali na jeshi kwa haja yake, na aliporejea akajigusa kifua, akaona kidani chake kimekatika, akarudi kukitafuta. Waliokuwa wakiichukua machela wakainyanyua wakaifunga juu ya ngamia, nao wakidhani yumo, kwani alikuwa msichana mwepesi. Alipokipata kidani na kurejea, hapakuwa na mtu; akakaa mahali pake, usingizi ukamchukua. Safwan bin al-Muattal, aliyekuwa nyuma ya jeshi, alimkuta asubuhi, akampigisha ngamia magoti akapanda, na yeye mwenyewe akaenda kwa miguu akimwongoza ngamia mpaka wakalifikia jeshi mchana. Hapo wenye ndimi wakapata la kusema, na mkubwa wao ni Abdallah bin Ubayy. Bibi Aisha akaugua muda wa mwezi hajui linalosemwa, hata ziliposhuka aya za Sura ya An-Nur, tangu aya ya 11, kumtakasa.

Katika riwaya ya Bukhari kidani hicho kimeelezwa kuwa ni cha jaz' ya Dhafar. Jaz' ni vijiwe vyenye mistari myeupe na myeusi vilivyokuwa vikitoka Yaman, na Dhafar ni mji wa huko. Basi hakikuwa mkufu, wala hakikuwa dhahabu. Kilikuwa ushanga wa mawe, na katika sherehe za Bukhari imetajwa kuwa thamani yake ilikuwa dirham 12. Yuko asimuliaye kisa hiki kwa Kiswahili akasema "mkufu wa dhahabu", kwa kudhani kwamba mke wa Mtume hawezi kurudi jangwani usiku ila kwa kitu cha thamani. Mwenye kusema hivyo, ijapokuwa hakukusudia, amemzidishia Mama wa Waumini jambo asilokuwa nalo, yaani mapenzi ya mali. Na kisa chenyewe kimekuja kuonya juu ya kuzidisha maneno.

Jambo la pili ni la tayammam. Katika safari nyingine, walipofika Baidaa au Dhat al-Jaish, kidani kilikatika tena, na Mtume (s.a.w.) akasimamisha safari kwa ajili ya kukitafuta. Watu hawakuwa na maji wala mahali hapo hapakuwa na maji. Wakaenda kwa Abubakar (r.a.) kumshitakia bintiye, naye akaja akamlaumu sana, akawa akimdukua ubavuni, na Bibi Aisha asiweze kutikisika kwa kuwa Mtume alilala na kichwa chake ki juu ya paja lake. Kulipopambazuka ikashuka aya ya tayammam. Usaid bin Hudhair akasema kwamba hiyo si baraka ya kwanza kutoka kwa jamaa ya Abubakar. Kisha akainuliwa ngamia aliyekuwa akipandwa na Bibi Aisha, na kidani kikaonekana chini yake.

Hapa pana faida ya lugha na ya fikihi pamoja. Katika riwaya moja Bibi Aisha asema kwamba iliyokatika ni iqd yake. Katika riwaya nyingine iliyo sahihi vile vile, pambo hilo laitwa qilada, na imesemwa wazi kwamba aliiazima kwa dada yake Asma. Ibn Hajar, katika sherehe yake ya Bukhari, amezipatanisha riwaya mbili hizi: kidani ni cha Bibi Aisha kwa kuwa ki mkononi mwake akikitumia, na ni cha Asma kwa kuwa ndiye mwenye milki. Basi neno "changu" lina maana mbili, na watu hugombana mno kwa kutozitenga. Mwanamke aliyeazima kidani kwa ajili ya arusi husema "kidani changu" usiku huo, wala si mwongo. Lakini kikipotea, mambo hugeuka. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, kitu cha kuazimwa kikipotea au kikiharibika pasipokuwa na matumizi yaliyoruhusiwa, aliyeazima hukilipa, hata kama hakufanya uzembe. Kwa Mahanafi ni amana mkononi mwake, halipi illa amefanya uzembe au amevuka mpaka. Afadhali jambo hili lijulikane kabla ya kidani kutoka sandukuni kuliko baada yake.

Ama qilada, asili yake si fundo bali ni kuzungushwa shingoni, iwe shingo ya mtu au ya mnyama. Upanga pia hupewa kitenzi hiki, kwa ajili ya mkanda wake upitao shingoni na begani. Kwa hiyo qalaid zilizotajwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 2 na ya 97, si mapambo ya wanawake. Ni vigwe walivyofungwa wanyama waliopelekwa Makka kuchinjwa, ili kila awaonaye njiani ajue ni wa Mwenyezi Mungu asiwaguse. Bibi Aisha mwenyewe alivisokota kwa mikono yake vigwe vya wanyama wa Mtume (s.a.w.) kwa sufi. Neno hili hili limekuja katika Hadithi ya Abu Bashir al-Ansari, ya kwamba Mtume aliamrisha isiachwe shingoni mwa ngamia yeyote qilada ya upote wa upinde ila ikatwe. Na Imamu Malik alionelea kuwa sababu yake ni kwamba watu walizifunga kwa kukinga jicho. Basi neno ni moja na kitendo ni kimoja, kigwe shingoni mwa mnyama. Kimoja kikaachwa kwa kuwa ni alama ya ibada, na cha pili kikakatwa kwa kuwa kimetegemewa pasipo Mungu. Mwenye kumtundikia mtoto hirizi na atazame yu upande gani.

Na hakuna qilada yenye huzuni kama ile ya Bibi Zainab, binti ya Mtume. Mumewe, Abul-As bin ar-Rabi, alishikwa mateka katika vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra (624), akiwa upande wa Makureshi. Watu wa Makka walipopeleka makombozi ya watu wao, Zainab akapeleka mali, na ndani yake akatia qilada aliyopewa na mama yake, Bibi Khadija, siku alipoingizwa kwa mumewe. Mtume (s.a.w.) alipoiona ilimlainisha moyo mno, kwani Khadija alikuwa amekwisha kufa. Hakuitwaa akairudisha kwa amri yake, bali aliwauliza Masahaba kama wataona vema kumwachia mateka wake na kumrudishia mali yake, nao wakakubali. Abul-As akaachiwa kwa ahadi ya kumwacha Zainab aende Madina. Mtume alikuwa ndiye mkuu wa jeshi, na pambo lilikuwa la marehemu mkewe, naye hakuligusa pasina idhini ya wenye haki. Waume wanaochukua vidani vya wake zao wakaviweka rehani bila ya kuwauliza hawana mahali pa kujificha katika kisa hiki.

Katika qilada ndipo lilipotoka neno taqlid, ambalo limezua magomvi mengi baina ya wanazuoni. Maana yake katika elimu ya usuli ni kuishika kauli ya mtu bila ya kuijua hoja yake. Wameliita hivyo kwa sababu mwenye kuuliza huifanya hukumu kuwa kama kidani, akakitundika shingoni mwa aliyemjibu: likiwa kosa, lawama ni yake aliyetoa fatwa. Kadhi naye, anapopewa kazi, Waarabu husema ametundikwa ukadhi. Asiye na elimu hana budi kuwauliza wenye elimu, na Qurani imeamrisha hivyo katika Sura ya An-Nahl, aya ya 43. Lakini atazame ni shingo gani anayoitundikia dini yake, kwani watu humpima sonara mara tatu kabla ya kumwachia mkufu, kisha wakamwachia dini yao yeyote mwenye kilemba.

Tauq ni duara lizungukalo shingo lote, kama mstari wa njiwa ambao haukuvishwa na mtu wala hauvuliwi. Ibn Hazm wa Qurtuba (994 hata 1064) aliita kitabu chake cha mapenzi Tauq al-Hamama, yaani Tauq ya Njiwa. Katika Qurani na Hadithi tauq imekuja kwa adhabu: katika Sura ya Al-Imran, aya ya 180, wenye kufanya ubakhili watafungwa shingoni kile walichokifanyia ubakhili, na katika Hadithi sahihi, mwenye kudhulumu ardhi kadiri ya shibiri moja atavishwa shingoni ardhi saba. Ni maneno mazito kwa wanaosogeza mipaka ya mashamba ya mayatima. Shina la tauq ndilo la taqa, maana yake uwezo. Na ar-Raghib al-Isfahani ameeleza kwamba uwezo wa mtu umefananishwa na duara lizungukalo kitu. Mwisho wa Sura ya Al-Baqara waumini wafundishwa kuomba wasitwikwe wasilo na taqa nalo.

Sasa imefika ile hukumu iliyoahidiwa. Fadhala bin Ubaid (r.a.) amesimulia, na Muslim ameipokea, kwamba siku ya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra (628), alinunua qilada kwa dinari 12, na ndani yake mlikuwa na dhahabu na shanga. Alipoitenganisha akaona dhahabu peke yake yazidi dinari 12. Akamtajia Mtume (s.a.w.) habari hiyo, naye akasema kwamba haiuzwi mpaka itenganishwe. Dinari zilikuwa sarafu za dhahabu, na dhahabu kwa dhahabu haifai ila uzani sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Zikichanganyika na shanga, haijulikani dhahabu ni kiasi gani, na kutojua usawa hapa ni kama kujua kuwa hakuna usawa.

Mfasiri aliyesema "Fadhala alinunua mkufu" ameifunga Hadithi hii. Mkufu ni dhahabu tupu, hauna cha kutenganisha, na msikilizaji hubaki akishangaa, ama akadhani kwamba pete za mkufu zikatwe moja moja. Angesema "kidani" ingalifahamika mara moja. Wanazuoni wa Kishafii wamejenga juu ya Hadithi hii masuala wayaitayo mudd ajwa, ya kwamba kitu cha riba hakiuzwi kwa jinsi yake na hali kimechanganyika na kitu kingine. Mahanafi wamejuzisha ikiwa dhahabu ya bei yazidi dhahabu iliyomo kidanini, ziada ikawa ni ya shanga. Nayo ni kauli ya watu wa elimu, haitukanwi.

Yanayotokea dukani kwa sonara ni haya. Mwanamke huleta mkufu wa zamani wa gramu 20, akapewa mpya wa gramu 20, akaongeza fedha kwa ajili ya kazi ya sonara. Au akapewa wa gramu 16 pasina kuongeza kitu, kwa kuwa mpya ni mzuri zaidi. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi yote mawili ni riba, kwani uzuri wa kazi hauhesabiwi mbele ya uzani. Ibn Taimiya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliruhusu ziada kwa ajili ya kazi ya mikono katika mapambo ya halali, lakini mwenye kutaka salama ana njia nyepesi ambayo Mtume (s.a.w.) alimwonyesha Bilal katika tende, alipobadilisha pishi mbili za tende mbovu kwa pishi moja ya nzuri, akaambiwa auze mbovu kisha kwa thamani yake anunue nzuri. Basi mkufu wa zamani na uuzwe kwa shilingi, shilingi zishikwe mkononi, kisha mpya ununuliwe kwa bei yake, kwa sonara yule yule au kwa mwingine, pasiwe na sharti ya kuwa lazima anunue kwake. Na wanazuoni wengi wa zama hizi wameziweka noti mahali pa dhahabu na fedha, kwa hiyo dhahabu hainunuliwi kwa mkopo wala kwa malipo ya kidogo kidogo.

Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika 24, na sehemu 6 ni shaba au fedha au madini nyingine. Nayo ni kama kidani ambacho shanga zake hazionekani kwa macho wala hazitoleki kwa mkono, na haja ya kuiuza kwa shilingi ni kubwa zaidi. Ama kidani chenye shanga za wazi, sonara huzitoa kwanza, akapima dhahabu peke yake. Na shanga zilizotolewa huuzwa kwa bei yoyote wapatanayo, taslimu au kwa mkopo, kwani hazimo katika vitu vya riba.